Abiria wa Kitanda Namba Nne

Pasipoti ya Notburga ina muhuri mmoja wa kutoka Zambia na mihuri miwili ya kuingia Tanzania. Wa kwanza ni wa tarehe kumi na moja Julai, na huo hauna shida, kwa kuwa siku hiyo alivuka mpaka kwa treni mbele ya macho ya watu. Wa pili ni wa tarehe kumi na sita. Tarehe kumi na sita Notburga alikuwa nyumbani Mapera, akimgeuza mama yake kitandani, na pasipoti ilikuwa ndani ya sanduku la bati, chini ya vitenge, na ufunguo wa sanduku ulikuwa shingoni mwake.

Amekwenda nayo ofisi ya uhamiaji mara tatu. Mara ya kwanza mhusika alikuwa kwenye semina. Mara ya pili mhusika aliutazama muhuri kwa lenzi, akasema wino ni wenyewe na namba ni zenyewe, ila kwenye kompyuta hakuna mtu wa jina hilo aliyeingia nchini siku hiyo. "Labda umesahau safari, mama," alimwambia kwa upole. Mara ya tatu aliambiwa muhuri wa kuingia haujawahi kumdhuru mtu, aende akapumzike. Alirudi nyumbani na hasira isiyokuwa na wa kuibeba. Hajui mpaka leo ni nani aliyeipeleka pasipoti ile dirishani, wala aliirudishaje sandukuni.

Mambo yenyewe yalianza asubuhi ya kawaida kabisa, msimu wa kuchuma kahawa. Ukungu ulikuwa haujaondoka mlimani, na Notburga alikuwa akigeuza kahawa kwenye vichanja aliposikia mama yake akigonga ukuta kwa fimbo. Mama Tereza alikuwa na miaka themanini na minane. Miguu ilikuwa imemkataa tangu Pasaka, lakini ulimi ulikuwa mzima.

"Niitie na kaka yako," alisema. "Nataka baba yenu."

Stephano, baba yao, alikwenda kwenye migodi ya shaba ya Kitwe Notburga akiwa na miaka minne. Alisema miaka miwili. Mwaka wa pili mwamba uliwaangukia chini ya ardhi, akazikwa huko huko, na kilichorudi nyumbani kilikuwa barua na picha moja: mwanamume mrefu, koti refu, kofia ameivua na kuishika kifuani kama mtu aliye mlangoni pa kanisa.

"Nimelala peke yangu miaka hamsini," alisema Mama Tereza. "Kaburini sitaki. Kaleteni udongo wake, tuzikwe pamoja."

Pankras, mzaliwa wa kwanza, ndiye aliyestahili kwenda. Alitazama mguu wake uliofungwa bandeji. "Mama, kwa kisukari hiki mguu haufiki hata Mbinga mjini."

"Kilabuni unafika."

Ni kweli mguu ulikuwa na kidonda, na ni kweli kilabuni ulikuwa unafika. Basi akaenda Notburga.

Usiku wa kuamkia safari mama yake alimshika mkono, akamwambia namna ya kumleta mtu. Katika ukoo wao lilikuwa jambo la kurithiana, na hakuna aliyelicheka. Utamkatia tikiti yake, alisema, maana hasafiri kama mzigo. Utamwambia kila mnachovuka. Mkifika mto, mwambie mto. Mkifika mpaka, mwambie mpaka, na umwite kwa jina. Na mtu akikuuliza uko na nani, sema niko na baba yangu.

"Na nisiposema?"

"Ukimkana njiani, anabaki pale ulipomkania." Mama Tereza alivuta blanketi. "Na nafasi yake haikai wazi."

Notburga hakuuliza zaidi, kwa sababu basi la Songea lilikuwa linaondoka alfajiri.

Huko Kitwe, kijana mmoja, jina lake Alphonce, ambaye baba yake alifanya kazi na marehemu, alimwonyesha kaburi. Lilikuwa na namba tu. Notburga alipiga magoti, akasema, "Baba, ni Notburga, yule mdogo. Mama anakuita." Akachota udongo mwekundu, akaufunga kwa kitambaa cheupe, akauweka ndani ya ndoo ndogo yenye mfuniko. Padri wa pale alimwandikia barua ya kueleza ni udongo gani. Aliamini barua ile ingetosha.

Katika treni alipewa chumba cha wanawake chenye vitanda sita, lakini wasafiri walikuwa wawili tu. Mwenzake alikuwa Herieth, mfanyabiashara wa Liuli, anayepeleka Zambia usipa mkavu, aina ya dagaa, na kurudi na magunia matupu yanayonuka ziwa zima.

"Mmatengo na ndoo yake," alisema Herieth alipomwona. "Umebeba nini, dada, mashimo yenu ya kulimia, ya ngoro?"

"Na wewe Mnyasa umebeba nini, maji?"

Walicheka, na kufikia stesheni ya pili walikuwa kama ndugu. Notburga alimweleza. Herieth, Mwanglikana aliyekulia ufukweni, alijivuta pembeni kidogo kuiachia ndoo nafasi, kisha akaiamkia shikamoo.

Mkaguzi wa tikiti alipopita, Notburga alimpa mbili, ya kitanda namba tatu na ya namba nne.

"Wa namba nne yuko wapi?"

"Niko na baba yangu," alisema Notburga, akaonyesha ndoo iliyokaa juu ya godoro mbele yake.

Mkaguzi aliitazama ndoo. Alikuwa mtu mzima, na huenda haikuwa mara yake ya kwanza. Alivua kofia, akaitoboa tikiti, akairudisha kwa mikono miwili.

Usiku ule na asubuhi iliyofuata Notburga alifanya kama alivyofundishwa. Walipofika daraja la Chambeshi aliinama akanong'ona, "Baba Stephano, tunavuka mto." Kila alipomwita alihisi chumba kimetulia, kama anavyotulia mtu aliyekuwa akisubiri jibu akalipata. Aliporudi kulala alilala vizuri.

Saa nne asubuhi treni ilisimama mpakani, Tunduma, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mkaguzi wa mimea, msichana mwenye adabu, alisoma barua ya padri yote mpaka sahihi. Akasema pole sana, mama, lakini udongo hauvuki mpaka bila kibali. Unabeba magonjwa ya mimea, na huko kwenu mna kahawa. Sheria ilikuwa na sababu zake, na Notburga, mkulima, alizielewa. Kibali kilikuwa kinatolewa kwenye ofisi iliyo ng'ambo ya reli. Kama hakipatikani, udongo ungeachwa pale stesheni.

Alivuka reli juani. Mwenye kutia sahihi alikuwa ametoka. Alingoja kwenye benchi mpaka saa sita. Mwenye kutia sahihi aliporudi alitaka nakala ya barua. Penye mashine ya nakala umeme ulikuwa umekatika. Alikwenda duka la pili, akapata nakala, akarudi, akaambiwa pia inahitajika nakala ya cheti cha kifo. Cheti cha mtu aliyefunikwa na mwamba miaka hamsini iliyopita. Alisimama mlangoni pa ofisi, miguu imevimba ndani ya viatu vya kanisani, na machozi yaliyomtoka hayakuwa ya huzuni.

Treni ikapiga honi. Alikimbia, mwanamke wa miaka hamsini na saba, akikanyaga kokoto za reli. Ilikuwa inasogezwa tu, mabehewa matatu mbele, kisha ikasimama tena.

Simu ikaita. Alikuwa Pankras. "Mama amekataa uji tangu jana. Anauliza mmefika wapi."

"Mwambie tuko njiani."

"Njiani wapi? Unafanya nini huko siku zote hizo?"

Notburga alikata simu. Alikaa kitandani, akaitazama ndoo, na kwa mara ya kwanza aliona ndoo tu.

"Lete hapa," alisema Herieth. Aliichukua, akaisukuma chini ya kitanda na kurundika magunia juu yake. "Nani atapekua uvundo huu? Wewe sema umeumwaga, wakupigie muhuri, twende zetu. Baba mwenyewe angekuambia hivyo hivyo."

Ilikuwa kama saa nane na nusu. Msichana wa mimea alikuja pamoja na ofisa mwenye karatasi ya majina. Chumba kilikuwa cha moto kama tanuri.

"Ule udongo, mama?"

"Nimeumwaga."

Msichana aliinamisha kichwa. "Pole, mama." Alimaanisha.

Ofisa alikuwa akipitisha kalamu kwenye karatasi. "Hapa naona kitanda namba nne kina tikiti. Uko na nani?"

Swali lilikuwa lile lile, maneno yale yale. Baadaye Notburga alisema alilitambua. Alilitambua, akaona pia benchi la ofisi, na mashine ya nakala, na uji unaopoa kando ya mama yake.

"Niko peke yangu," alisema. "Wa namba nne hakusafiri."

Ofisa akachora mstari juu ya namba nne. Akapiga muhuri.

Walipotoka, Herieth alishusha pumzi na kuanza kucheka. Hakumaliza.

Mtu alikohoa.

Kilikuwa kikohozi cha chini, kizito, cha kifua kilichojaa vumbi. Kilitoka kitanda namba nne. Kitandani hapakuwa na kitu.

"Ni wewe?" alinong'ona Herieth.

Notburga alitikisa kichwa.

Godoro likabonyea. Taratibu. Kwanza mahali pa nyonga, halafu bega, halafu kichwa. Likatulia. Kisha mbonyeo ule ukageuka, kama mtu anayelala ubavu na kutazama ukuta.

Jua lilikuwa linawaka. Nje mtu alikuwa akiuza ndizi.

Treni ikaanza kuondoka. Notburga aligeukia dirisha kwa sababu hakutaka kutazama kitanda. Kwenye kokoto, katikati ya reli mbili, mwanamume mrefu alikuwa amesimama. Alivaa koti refu kwenye joto lile. Alikuwa akitazama madirisha, moja baada ya jingine, kwa subira, kama mtu aliyeambiwa atapokelewa. Macho yake yalifika dirisha la Notburga. Yakapita. Yakaenda dirisha lililofuata.

Kofia alikuwa ameishika kifuani.

Alipopata sauti ya kuita, stesheni ilikuwa imekwisha pita.

Herieth aliitoa ndoo chini ya magunia. Kule Kitwe Notburga aliibeba kwa kidole kimoja. Sasa Herieth aliinyanyua kwa mikono miwili, akaiweka mlangoni, mbali na vitanda. "Baba yako alikuwa na kikohozi?" aliuliza.

"Alikufa kwa mwamba. Kifua chake kilikuwa kizima."

Walikaa kitanda kimoja mpaka Makambako. Walipoagana Herieth, aliyekuwa akibaki pale kwa biashara zake, alisema, "Ni mimi niliyekushauri, dada. Nisamehe." Notburga akamjibu, "Hapana, mdomo ulikuwa wangu."

Toka Makambako mpaka Songea, kondakta wa basi alimwuliza mara mbili yule wa kando yake anashukia wapi.

Alifika Mapera tarehe kumi na tatu, saa tisa mchana. Mama Tereza alikuwa ameegeshwa kwa mito, amechanwa nywele, amevalishwa gauni la bluu. Notburga aliingia na ndoo. Mama yake alimtazama, kisha akatazama nyuma yake, mlangoni, na uso ukasawijika.

"Mkaribishe mgeni," alisema. "Umemwacha amesimama."

"Mgeni gani, mama?"

"Huyo uliyekuja naye." Akatazama tena mlangoni. "Na baba yako umemwacha wapi?"

Notburga akakaa chini kwenye udongo, akasema yote. Nakala, magunia, mstari juu ya namba nne. Pankras, aliyekuwa amesimama kando, alianza kufoka kwamba tangu lini mwanamke akatumwa kazi kama hiyo. Mama Tereza akagonga fimbo.

"Tangu mwanamume aliposema mguu haufiki."

Asubuhi yake Notburga alikwenda kwenye vichanja. Kahawa iliyooshwa ilikuwa imetandazwa tangu jana, sawasawa, kama kawaida yake. Kwenye kichanja cha mwisho ilikuwa imebonyea. Bega, nyonga, magoti yaliyokunjwa. Mtu alikuwa amelala pale kwa ubavu, ameelekeza uso ukingoni.

Alimwambia mama yake. Mama Tereza alifikiri. "Stephano alikuwa analala chali," alisema. "Maisha yake yote. Alikuwa anakoroma kama mashine ya kukoboa."

Siku ile iliamuliwa. Mama Tereza ndiye aliyeamua, na hakumwuliza mtu. Ndoo haitaingia makaburini pa ukoo, lakini haitatupwa pia, kwa sababu aliyemo ni mtoto wa mtu, na huenda ameketi mpakani miaka mingi akiona watu wakiitwa majina yasiyo yake. Na Notburga hatarudi kumfuata baba yake, maana sauti iliyomkana hataiamini. Atakwenda Pankras.

Pankras alitazama mguu wake. Safari hii alibadilisha bandeji, akachukua picha ya ukutani, akapanda bodaboda.

Walioshuhudia huko Tunduma walidhani ana wazimu. Mtu mzima, mguu mmoja kwenye kandambili na mwingine kwenye kiatu, amesimama kando ya reli mchana kweupe, ameinua picha, anaita kwa Kimatengo. Aliita tangu saa tatu. Alimwambia baba yake ni nani anayemwita, na kwa nini amechelewa. Alimwambia na habari ya kilabuni. Saa nane na nusu aliacha kuita, akasema kwa sauti ya kawaida, "Twende, mzee," akaanza kuondoka akitembea upande mmoja wa njia. Katika basi alikata siti mbili, na kila aliyemwuliza alimjibu, "Niko na baba yangu." Hiyo ilikuwa tarehe kumi na sita. Pankras hana pasipoti, na dirisha la mihuri hakulikaribia.

Alirudi tarehe kumi na nane, mikono mitupu, kidonda kimefunguka. Mama Tereza alikuwa hajala siku nne. Alifumbua macho, akatazama nyuma ya mwanawe, mlangoni. Kisha yeye, ambaye hakuwa akiweza kujigeuza bila kusaidiwa, alijisogeza mpaka ukutani, akaacha nafasi kitandani.

"Umechelewa," alisema. Hakuwa akisema na Pankras.

Alfajiri walimkuta amekwisha. Walimzika katika kaburi pana, na kando yake wakalaza shina la mgomba lililovalishwa shuka, kama anavyozikwa mtu ambaye mwili wake haukuja. Notburga aliugundua muhuri wa pili wiki mbili baadaye, alipofungua sanduku kutafuta kitambaa cha arobaini.

Ndoo aliizika mwenyewe, mpakani mwa shamba la kahawa, akaweka msalaba usio na jina. Lakini vichanja havikutulia. Kila baada ya siku chache kile cha mwisho kilikuwa kimelaliwa, na Pankras alitaka kuleta mganga kutoka Litumbandyosi. Notburga alimkatalia. Kabla hajafa mama yao alikuwa ameacha neno juu ya hilo pia: asifukuzwe, apewe mahali pa kulala, kwani hakujileta, nafasi tupu ndiyo iliyomwita.

Kazi hiyo ni ya Notburga. Tangu msimu ule hatandazi kahawa kwenye kichanja cha mwisho. Jioni anatandika mkeka na blanketi la zamani la mama yake. Asubuhi anakwenda kuvikunja kabla wachumaji hawajafika. Julai kwetu umande ni mzito. Vichanja vyote vinakuwa vimelowa, na mabomba ya maji, na majani, na waya wa nguo. Mkeka nao unakuwa umelowa, isipokuwa mahali pamoja, parefu, palipokunjika magotini, ambapo ni pakavu.